Karatasi ya Siku ya Saba

Mariam Poni, mshonaji wa nguo pale Koboko, aliingia matangani kijijini Midia na kuni kichwani, na kiunoni, chini ya kitenge, karatasi ya mahakama. Karani kule Arua alikuwa amesema waziwazi: kesi ya kupinga uchaguzi imefunguliwa ndani ya muda, vizuri, lakini nakala isipomfikia mshindi mkononi kwa siku saba, kesi imekufa, hata kama kura ziliibwa mchana kweupe. Leo ilikuwa ya saba.

Aliyeshindwa udiwani mwaka ule wa tisini na nane alikuwa Soka, shemeji yake Poni. Mshindi alikuwa Abiriga. Soka alituma wanaume wawili wampelekee karatasi. Vijana wa Abiriga wakawageuza njiani. Kisha mama yake Abiriga akafa, na mwanamke mwenye kuni hazuiwi msibani.

Shida ni kwamba Poni alimlilia marehemu kwa dhati. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipowakimbiza Kongo, mama yule ndiye aliyemlaza kwenye mkeka wake kama mwanawe na kumgawia muhogo. Sasa Abiriga alikaa mkekani akipokea mkono wa kila mtu, maana mfiwa hakatai mkono. Soka alikuwa amemwagiza Poni amshikishe karatasi hapo hapo. Zamu yake ilipofika, alinyoosha mkono mtupu. Hakuweza.

Akaenda jikoni kukata sombe, majani ya muhogo ya kupikia waombolezaji. Wanawake wakamtania kwamba anakata majani kama anayekimbizwa na askari. Kila alipoinua macho, kivuli cha jiko kilikuwa kimerefuka. Saa kumi na moja akaweka kisu chini, akarudi mkekani, akapiga magoti.

“Kaka, mama nimemlilia. Sasa iko neno ya Soka, na inaisha leo.”

Abiriga akamtazama kiunoni, si usoni. “Soka alikosa mwanaume, akatuma dada yangu?” Akapangusa mkeka kwa kiganja. “Hapa kwa mkeka ya mama sipokei karatasi.”

Poni akaona yamekwisha. Lakini Abiriga aliinuka polepole, akavaa kandambili, akatembea mpaka nje ya ua wa matete, kisha akageuka.

“Mfiwa amebaki ndani. Hapa iko Abiriga tu. Lete.”

Akapokea. Nakala ya pili, ya kurudishwa mahakamani, ilitaka sahihi yake, na Poni hakuwa na kalamu. Akajipapasa kitenge chote. Abiriga akachomoa ya kwake mfukoni, akatia sahihi, akaandika na saa.

“Mbele ya mahakama utaapa kwamba umenipa?”

“Nitaapa.”

“Haya. Na sombe ya mama, nani atamaliza?”

Poni akaikunja nakala yenye sahihi, akarudi jikoni.