Minza Asoma Masharti ya Bonasi

Minza alijua kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, na hajawahi kuona sababu ya kulificha jambo hilo. Alijiunga na darasa la watu wazima pale Magamba, na wenzake walipoacha mmoja mmoja msimu wa palizi, yeye alipalilia asubuhi, mchana akaenda darasani. Tangu hapo hasomi nusu nusu. Mfuko wa mbolea atausoma mbele na nyuma, dawa ya mifugo ataisoma mpaka jina la kiwanda. Mumewe, Malale, ambaye hajui hata herufi moja, humtania kwamba ipo siku atawasomea ng'ombe.

Asubuhi ile Malale alimfunga mtamba mwekundu kwenye nguzo ya uzio. Dalali Leodgar alikuwa amemsomea ujumbe wa kampuni moja ya kubeti: weka laki tatu, upewe bonasi ya laki tatu ubeti bure. Hela ya kuweka ingetoka kwa mtamba, na Leodgar mwenyewe ndiye mnunuzi, kasimama pale uani na baiskeli yake. Baada ya ugonjwa wa mwaka jana, zizini hakukubaki jike jingine.

"Mama Manyanda, hii ni hela ya bwerere," Malale alisema. "Ng'ombe mmoja anageuka wawili."

"Lete simu nisome."

"Leodgar keshanisomea."

"Kakusomea ya juu. Huku chini kuna vigezo na masharti."

Leodgar alikohoa, akasema hayo huwa yanafanana tu. Minza hata hakumtazama. Alisimama wima, akasoma kwa sauti, kidole kikitambaa chini ya kila neno. Ukishinda kwa bonasi, ile laki tatu yenyewe inakatwa, unabaki na kilichozidi. Na kabla ya kutoa hicho kilichozidi, uwe umebeti jumla ya milioni moja na nusu, ndani ya siku saba.

"Rudia hapo," alisema Malale.

Akarudia, taratibu zaidi.

"Baba Manyanda, mtu akikupa ng'ombe umtunzie, anakuwa wako?"

"Thubutu! Changu ni maziwa."

"Basi bonasi ni ng'ombe wa kampuni. Wewe unasubiri maziwa, yakitoka. Ila huyu mtamba anaondoka kweli."

Hapo Malale hakuhitaji maelezo zaidi. Mambo ya ng'ombe anayajua tangu utotoni. Alikwenda kwenye uzio, akaifungua kamba mwenyewe.

"Leodgar, nisamehe kwa usumbufu. Mtamba hauzwi."

"Si tulikubaliana jana?"

"Jana nilisomewa na wewe," alisema Malale kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Leo kanisomea mke wangu."

Minza alijaa fahari, wala hakujisumbua kuizuia. Dalali alipotokomea na baiskeli yake, Malale alivuta kigoda, akaketi karibu naye na kuinamia simu.

"Nionyeshe," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo saba imeandikwa wapi."