Kavugho na Gurudumu la Mbele Yake

Kavugho alivunjika mtulinga Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2014, saa ambayo wanakwaya wenzake wa Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus, Ohio, walikuwa kanisani wanaimba. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya baiskeli msimu huo. Kwenye kona, mwanamke aliyekuwa mbele yake alikamata breki ghafla, magurudumu yakagusana, na Kavugho akajikuta amelala kwenye lami, bega limemlalia vibaya, akisikiliza baiskeli za wengine zikimpita moja moja hadi pakawa kimya. Watu wa kanisa walipokuja kumpa pole walileta chakula na maombi, na wawili watatu wakamwambia kwa upole kwamba mama wa watoto wawili, mwenye miaka thelathini na mitatu, amecheza vya kutosha.

Yeye hakuona kama ni mchezo. Alipokuwa mtoto Butembo alijifunza kwa baiskeli ya baba yake, chuma kizito cha kubebea mafuta ya mawese, mguu mmoja ukipita chini ya bomba kwa kuwa hakufikia tandiko. Kisha vita viliwatoa nyumbani, ikafuata miaka ya kambi huko Uganda, na katika miaka hiyo yote hakupanda baiskeli yoyote. Alipofika Ohio alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Gari lilikuwa moja, na Paluku mumewe alilihitaji kwenda kazini ghalani, kwa hiyo Kavugho akanunua baiskeli kuukuu. Asubuhi moja kijana mmoja aliyevaa nguo za mbio alimpita barabarani, na dakika tatu baadaye bado alisikia mnyororo ukilia nyuma yake. Alipogeuka alimwona mama mwenye sare ya kazi, mfuko wa chakula ukining'inia kwenye usukani, anamfuata bila hata kuhema. Kijana huyo alikuwa Severin, Mtanzania kutoka Bukoba, mwanafunzi wa uhandisi. Kabla ya juma kwisha, klabu yake nzima ya mbio ilikuwa imekwisha kusikia habari za mama huyo, na wakamwita ajiunge nao.

Sasa, baada ya kuanguka, baiskeli ilikuwa nyuma ya kabati, na Paluku hakusema lolote juu yake. Hakuwa mtu wa kukataza. Akikasirika alinyamaza, na akiogopa alinyamaza vilevile, ikawa kazi ya mkewe kujua ni kipi kati ya viwili.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili daktari alisema mfupa umeunga. Severin akaja na mashine ndogo ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma, ili mtu akanyage pedali chumbani bila kwenda popote, pamoja na karatasi ya mazoezi ya wiki kumi na mbili. Kavugho aliamka saa kumi na moja alfajiri, akajifunga mkanda wa kupimia mapigo ya moyo, akakanyaga akiutazama ukuta hadi taulo alilotandika juu ya usukani likatota jasho. Siku ya tatu jirani wa chini alipanda kulalamika kwamba dari lake linanguruma. Kavugho alidhani mambo yameishia hapo. Lakini jioni aliporudi kutoka kazini alikuta Paluku ameinua mashine, ametandika chini yake mablanketi mawili na kipande cha zulia, na anaijaribu kwa mkono kusikia kama bado ina kelele. Hakusema kitu. Siku hiyo Kavugho alielewa kwamba kimya kile hakikuwa hasira.

Kufikia Januari miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuanguka. Severin alisoma tarakimu zake akatikisa kichwa kwa furaha, akamwandikisha kwenye mashindano ya mwisho wa mwezi wa tatu huko Louisville. Jumamosi moja baridi ilipungua, barabara zikakauka, watu sita wa klabu wakatoka pamoja, Kavugho akiwa mmoja wao.

Hapo ndipo alipojua kuna kingine kilichovunjika. Katika mbio za baiskeli mtu hukaa karibu na gurudumu la mwenzake, kiasi cha shubiri mbili, ili mwenzake amkingie upepo. Kavugho hakuweza. Kila alipokaribia, vidole vilikaza breki vyenyewe, na masikioni akausikia tena ule mlio mkavu wa mfupa. Alibaki nyuma, umbali wa lori zima, akipigana na upepo peke yake. Baada ya maili kumi alidanganya kwamba tairi halina upepo wa kutosha, akarudi nyumbani. Alioga, akapika, akaenda kazini. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa pili mdogo wake Alliance, aliyekaa Buffalo, mtaa wa Lower West Side, alijifungua kwa upasuaji. Kavugho aliomba ruhusa ya wiki mbili akapanda basi kwenda kumsaidia. Severin alisikitika, kwa maana hangekuwa na baiskeli yake huko, wala mashine. Kavugho aliitikia kwamba ni bahati mbaya, na moyoni akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Buffalo theluji ilikuwa imerundikana kando ya njia hadi kifuani mwa mtu. Cikuru, mume wa Alliance, alitoka alfajiri na gari kwenda kiwandani, na nyumbani kila saa kilihitajika kitu: dawa, maziwa, nepi. Siku mbili Kavugho alikwenda kwa miguu. Siku ya tatu aliiona barazani baiskeli ya Cikuru, ya matairi manene, imeegemezwa ukutani na kutu yake. Duka la dawa lilikuwa mbali, mtoto alikuwa analia. Akaichukua.

Alianguka kabla ya kufika kwenye kona. Tairi lilikwenda kushoto, yeye akaenda kulia, akazama kwenye theluji hadi kiunoni. Alilala pale akisubiri maumivu. Hayakuja. Akasimama, akajipangusa, akapanda, akaanguka tena mbele ya duka la vyakula ambako mzee mmoja aliacha koleo lake akaja kumvuta mkono. Wakati wa kurudi alianguka mara ya tatu, dawa ikiwa salama mfukoni, na safari hii alicheka peke yake barabarani.

Alliance alikuwa dirishani na mtoto wake Aganze, amemwona. Dada yake alipoingia akichuruzika maji, Alliance alimwuliza kwa nini anacheka hivyo. Kavugho akakaa chini na viatu vyake miguuni, akamweleza yote: kona ile, vidole, uongo wa tairi.

"Yaya, minawaza wale wa mbio wanakuficha kitu juu ya woga," Alliance alisema, akimwita kama wanavyomwita kwao dada mkubwa. "Mimi walinipasua tumbo. Kesho yake nesi akakuja: simama, utembee. Bon, basi, niliogopa mpaka nikalia. Nilimwambia angoje woga iishe. Akaniambia hapana, utasimama nayo tu."

"Na ulisimama?"

"Nilisimama nayo. Mpaka leo iko, lakini nafika jikoni."

Tangu siku hiyo Kavugho alitoka na baiskeli kila asubuhi, hata kama hakuna kilichohitajika dukani. Aliacha kuhesabu ameanguka mara ngapi.

Aliporudi Columbus alimwambia Severin ukweli. Kijana akasema, "Dada, kosa ni langu. Nilipima miguu, sikukuuliza habari za moyo." Akamchukua kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi zilizolowa, wakaendesha polepole kama watu wanaotembea, na akamtaka agusishe kwa makusudi gurudumu lake la mbele kwenye gurudumu la nyuma la Severin. Aguse, ayumbe, arudi. Walisukumana mabega. Waliangushana kwenye matope. Wiki tatu walifanya hivyo, na kila alfajiri bado alikanyaga mashine juu ya mablanketi yake akiutazama ukuta.

Kwa safari ya Louisville Paluku aliomba siku mbili kazini ili aendeshe gari mwenyewe. Hakuwahi kuona mbio hata moja. Walilala Jeffersontown, kando ya Louisville, kwa binamu yake Jean-Baptiste, aliyewapikia bugali na sombe, yaani kisamvu, na kukasirika kidogo Kavugho alipokula nusu ya sahani.

Wanawake thelathini na wanne walianza, kwenye mvua nyepesi, mizunguko minane ndani ya bustani yenye vilima. Mzunguko wa kwanza Kavugho alikuwa mkiani. Wa tatu akasogea. Woga ulikuwepo, naye akasogea nao, shubiri nne, shubiri tatu, hadi akauhisi upepo ukikatika mbele yake na miguu ikawa myepesi. Mzunguko wa sita, kwenye mteremko wa kona, mtu alikamata breki. Gurudumu la Kavugho liligusa la mwenzake. Alisikia mpira ukisuguana na mpira. Vidole havikukaza. Baiskeli iliyumba mara moja, mara mbili, ikanyooka, na kundi likaendelea naye ndani yake.

Alimaliza wa tisa. Severin alipiga kelele kama ameshinda yeye. Paluku alisubiri hadi kijana huyo atoke, akamvisha mkewe koti, akamwuliza kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "Mama Aksanti, uliogopa mizunguko mingapi?"

"Yote munane."

Paluku aliitikia kwa kichwa. Akaipangusa matope baiskeli kwa shati lake la akiba, sehemu kwa sehemu, akaipakia garini. Walipovuka mto kuingia Ohio aliuliza mbio zinazofuata ni lini. Kavugho alisema ni baada ya wiki tatu, si mbali na nyumbani.

"Donc, basi, nitaomba ruhusa Jumatatu," Paluku alisema. "Msimamizi anapenda aambiwe mapema."