Nani kaweka pointi zangu 12 kwenye tiba?

Jamani, kuna mtu kagusa shujaa wangu.

Kwenye gemu langu la mapanga, ukipanda leveli unapewa pointi. Unaziweka kwenye nguvu, uchawi au tiba, na ukishaweka hazirudi.

Mimi ni nguvu tu. Niko leveli 31, nimetunza pointi 12 kwa ajili ya joka wa pangoni. Kaniua mara 19.

Leo nafungua kompyuta: pointi sifuri. Tiba 12.

Nikampigia Dokta, jirani anayekuja kucheza kwangu Jumamosi.

"Mkuu, nina siku tatu niko Kibondo kikazi. Uliza nyumbani kwako."

Nyumbani? Nina mke na mtoto wa miezi minane.

Nikaingia pangoni na hasira zangu. Joka ananipiga, najitibu. Ananipiga, najitibu. Kafa.

Mama Neema anachambua maharage mlangoni, hata hakugeuka. "Nguvu peke yake ingekufikisha wapi, Baba Neema?"

Nikafungua orodha ya wachezaji wa kompyuta yetu. Chini ya shujaa wangu kuna mganga nisiyemjua.

Leveli 44.

Mimi natoka kwenda sokoni Kasulu saa moja asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Pigeni hesabu wenyewe.

Na nyie wenye wake, orodha zenu mmeziangalia?