Hita ya Pili ya Gerlinde

Gerlinde Uhlig alikula mshahara wa matundu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha soksi: anaivisha soksi kwenye mguu wa kioo wenye taa ndani, anauzungusha mara moja, na tundu likiwepo, hata la kupitisha sindano, analiona. Wenzake walimwita Jicho, na hakuwahi kulikataa jina hilo.

Kwa hiyo ilimuuma, akiwa na miaka sabini na mitatu, kuishi na tundu nyumbani kwake mwenyewe asilione.

Nyumba yenyewe ilikuwa gari. Yeye na mumewe Ewald, fundi umeme, walipostaafu waliuza kila kitu wakanunua gari-nyumba lenye jiko, choo, kitanda na meza ya kutosha watu wanne wanaopendana. Kiangazi walizurura. Baridi ikianza walirudi kuegesha kambi ileile huku juu kwenye milima ya Erzgebirge, nafasi namba kumi na nne, ubavuni mwa jirani yao Hartmut. Wakaishi hivyo miaka sita. Mwezi Machi Ewald akafa, moyo tu, mezani, kabla supu haijapoa. Watu wakamshauri Gerlinde ahame, naye akawauliza ahamie wapi wakati nyumba yake ina magurudumu.

Novemba baridi ikaingia ndani. Nayo ilikuwa baridi ya kihuni: kichwani nyuzi ishirini na mbili, miguuni nyuzi tisa. Gerlinde alikaa mezani paji la uso linatoka jasho na vidole vya miguu havina habari naye.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Daktari alisema damu haifiki chini. Binti yake Anke, anayefanya kazi ofisini huko Chemnitz na kujua kila kitu, alisema hiyo si baridi bali majonzi. Na watu wa kambini walisema mabomba yamekosa mkaguzi, maana tabia ya Ewald waliijua wote. Kila siku saa mbili na nusu usiku, sahani zikishaondoka mezani, Ewald alipiga magoti mbele ya benchi la kushoto, akafungua kimlango chake, akaingiza kichwa na mabega, akakagua mabomba ya hewa ya moto. Dakika kumi, hakosi siku. Gerlinde alijivunia jambo hilo bila haya. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba waume zao wanakoroma mbele ya televisheni ilhali wake anapigia magoti familia. Hata kijimto cha magoti alimshonea.

Alhamisi ya wiki ya pili ya Desemba Anke akapiga simu. Flati imepatikana Chemnitz, ghorofa ya chini, sakafu inajipasha moto yenyewe, na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya kusaini.

"Jumapili nakuja kunywa kahawa," alisema. "Nikikaa mezani kwako nusu saa bila koti wala viatu, sitalitaja tena neno flati. Nikitetemeka, mama, unasaini na gari linauzwa."

Gerlinde akajibu sawa, kwa kiburi tu. Alipokata simu alijiona mpumbavu. Alilipenda lile gari kuliko alivyowahi kupenda nyumba yoyote, na sasa ameliweka rehani kwa kikombe cha kahawa.

Ijumaa asubuhi alimwita Hartmut. Huyu alikuwa dereva wa treni, na mpaka leo huongea kama anatangaza kuchelewa. Walianza na mtungi wa gesi. Ulikuwa wa propani, sio butani, ambayo kipimajoto kikifika sifuri inagoma kutoka. Hita ikawaka vizuri, ikapuliza vizuri. Wakabana ukanda wa gazeti mlangoni na kuuvuta, kona hadi kona, kote ukashikwa. Pazia nene la kioo cha mbele lilikuwa limefungwa sawasawa. Madirisha hayana kosa. Yakabaki matundu ya usalama ya sakafuni, yale ambayo kiwanda huyaweka makusudi ili gesi ikivuja iteremke zake nje. Gerlinde aliyatazama kwa tamaa, tambara likiwa mkononi.

"Hayo usiyaguse," Hartmut alisema. "Baridi inakukera. Gesi inakuzika."

Gerlinde akalirudisha tambara. Hartmut akajifuta mikono na kusema kwamba kwa maoni yake tatizo ni ile hita ya pili.

"Hita gani ya pili?"

"Hiyo ya ubavu wa kushoto. Enzi za Ewald ilikuwa inatoa moshi kila siku saa mbili na nusu. Nilikuwa narekebishia saa yangu. Tangu Machi haijawaka."

Akaenda zake kula. Gerlinde akakitoa kitabu cha gari, kurasa mia mbili na kumi na mbili, akakisoma mchana kutwa akiwa amefunika miguu kwa blanketi. Hita ilikuwa moja. Akavaa makoti mawili akaenda kumwambia Hartmut kwamba uzee umemwingia machoni. Hartmut hakukasirika. Alimtoa nje, akamwonyesha kwa fimbo: ubavuni mwa gari, kati ya tundu la jokofu na kifuniko cha maji, palikuwa na kikofia cheupe cha plastiki, kimenyooka, kisafi, utadhani kimetoka kiwandani. Kilikuwa kisafi kwa sababu Gerlinde mwenyewe alikiosha kila mwaka theluji ikiyeyuka. Hakuwahi kuuliza ni cha nini. Jicho zima! Alirudi ndani amenuna, akalala na soksi tatu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alimtoa kabatini mvutaji wa mbao. Huku kila nyumba inaye, na Desemba lazima atoke: mtu wa kuchonga, urefu wa kiganja, ana kiko mkononi, unamtia kipande cha udi tumboni, moshi unamtoka mdomoni. Huyu Ewald alimnunua mwaka wao wa kwanza garini, mwaka uleule Gerlinde alipomwapisha kuacha tumbaku kwa ajili ya kifua chake na mapazia yake. Gerlinde alimweka mezani siku hiyo akatamka sheria: ndani ya gari hili anavuta huyu peke yake. Ewald akasema ni haki kabisa.

Alimwasha akamweka mlangoni. Moshi ukapanda wima. Akamhamishia chini ya kiti cha dereva, wima. Chini ya sinki moshi ulitikisika kidogo, ukatulia. Akamweka mbele ya benchi la kushoto, na hapo moshi ukalala chali ukakimbilia jikoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gerlinde aliweka kile kijimto sakafuni, akapiga magoti, akafungua kimlango. Akatoa viatu vya Ewald ambavyo hakuwa na moyo wa kuvigawa, akatoa sanduku la nyaya, akaingiza kichwa na mabega. Mabomba yalikuwa mazima. Kutoka nyuma ya mabomba upepo ukampiga usoni.

Tundu lilikuwa la duara, upana wa shingo ya chupa, likitokea nje kwenye kile kikofia cheupe, limekatwa kwa ustadi na kuzungushiwa mpira ukingoni; fundi ni fundi. Chini yake palikuwa na kizibo cha chupa ya mvinyo, kimekauka hadi kusinyaa na kuanguka. Kando yake kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, ndani umegeuka rangi ya chai. Na kopo la pipi za mnanaa, nusu.

Pipi ndizo zilizomfumbua macho. Kila baada ya ukaguzi Ewald alinukia mnanaa, akisema vumbi la mabomba linamkereketa koo.

"Ewald," alisema mle ndani ya benchi, "mwongo mkubwa wewe."

Hasira ilimpanda kwelikweli. Miaka sita! Na majigambo yote yale kwa wanawake wa kambini, na kijimto juu! Kisha akaunusa ule mpira. Ulikuwa unanuka tumbaku, unanuka mume wake kabisa, kuliko nguo zake zote zilizobaki. Alilia hapohapo, kichwa benchini, na katikati ya kilio akagundua kwamba anacheka pia, hakujua tangu saa ngapi. Alimkumbuka hadi mbavu zikamuuma.

Kizibo alikivisha kidole cha soksi mbovu ya kiwandani, akakisukuma tunduni kikakaa. Saa kumi na moja jioni miguuni palikuwa nyuzi kumi na tano. Asubuhi, kumi na tisa.

Anke alifika Jumapili, akavua koti, akavua viatu, akavua na soksi kwa ukaidi tu. Ndimi za mishumaa ya Desemba zilisimama wima mezani, hazitikisiki. Walikunywa kahawa na keki ya zabibu nusu saa, kisha nusu saa nyingine, na vidole vya Anke vilikuwa vyekundu kwa joto.

"Ilikuwa nini?" aliuliza hatimaye.

Gerlinde akamwekea mezani mpira na kopo la pipi, akamweleza. Anke aliuchungulia mpira muda mrefu.

"Kwa hiyo hayakuwa majonzi."

"Lilikuwa tundu. Majonzi ninayo, mwanangu, lakini hayapulizi miguuni."

Neno flati halikutajwa. Mlangoni Anke alisisitiza kwamba Hartmut alizibe tundu lile kwa silikoni, moja kwa moja, yaishe. Gerlinde akasema ataliangalia.

Jumatatu asubuhi Hartmut aligonga mlango. Mvutaji wa mbao hakuwa mezani. Alikuwa sakafuni mbele ya benchi la kushoto, kando ya kijimto na mpira, tumbo limejaa majivu.

"Nilikwambia," Hartmut alitangaza. "Jana saa mbili na nusu hita ya pili imewaka. Nimeona moshi kwa macho yangu, dakika kumi kamili."

"Imepona," Gerlinde alisema, akiyakanda magoti yake.