Picha za Masizi

Wenzangu ofisini hapa Kibaha wananitania kwamba simu yangu inapiga picha za masizi. Sikasiriki. Au tuseme nakasirika kidogo, halafu yanaisha. Mimi napenda kumpiga mtu akiwa amelipa jua mgongo, ili atoke mweusi tii, umbo tupu, bila macho wala meno. Unagusa pale penye anga kwenye kioo cha simu, unashusha mwanga kwa kidole, mtu anazama gizani, unabonyeza. Nilianzia uani kwangu Tangini, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, fundi akiwa juu ya kenchi za paa la nyumba ya jirani. Nilipoikuza ile picha nikaona hadi misumari aliyoibana mdomoni. Sura yake sikuiona hata kidogo, lakini ningekutana naye njiani ningemjua kwa jinsi alivyoinamisha shingo. Basi, hapo ndipo nilipoingia na sijatoka.

Shida ni kwamba watu wanataka sura zao. Mwenzangu mmoja wa ofisini nilimsimamisha dirishani, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kuiona picha, akaruka.

"Jamani! Nimejipodoa kote huku unanitoa kama chungu? Ningejua usingeninyanyua kitini!"

Nikacheka mpaka nikalia. Sikuifuta.

Siku hizo nyumbani kwetu Marui tulikuwa na mvutano na mama. Macho yake yalikuwa yanafifia, weupe wa mtoto wa jicho unaonekana waziwazi, na yeye hataki kusikia habari ya hospitali. "Kisu kwenye jicho? Jicho si jipu," anasema, na mazungumzo yameisha. Tena alikuwa anakana kabisa kwamba haoni. Watu anawajua kwa sauti, njia za shamba anazijua kwa miguu, kwa hiyo ukimbana anakushinda.

Mimi nilimnasa kwa bahati mbaya. Nilikuwa namwonyesha picha za wajukuu kwenye simu, kila moja anasema "Mashallah, kakua huyu." Kidole kikateleza, ikafunguka picha ya risiti ya umeme.

"Mashallah," akasema mama. "Kakua huyu."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Nilipomwambia ile ilikuwa karatasi, alikasirika kwelikweli. "Unanifanyia mtihani, we mtoto? Nani kamzaa mwenzie?" Usiku ule hatukuzungumza, na niliumia, maana nilihesabu ni picha ngapi nimemtumia miaka yote hiyo akijibu kwamba tumependeza.

Nikarudi tena wikiendi nyingine. Jioni, kaka yangu, mkewe na binti yao walikuwa wanatoka shamba na mihogo, wanapita juu ya kilima nyuma ya nyumba, jua liko nyuma yao. Weee! Niliacha mchele niliokuwa nachambua nikakimbia pekupeku. Nikapata picha moja safi, watatu wamefuatana, kila mtu na mzigo wake.

Kaka alipoiona akaanza. "Ndiyo nini hii? Umetuunguza! Hebu futa." Mkewe akamuunga mkono. Mimi nikang'ang'ania simu, tukawa tunavutana pale barazani watu wazima kabisa.

"Mnagombania nini?" mama akauliza. "Leteni hapa."

Kaka akampa, kwa kejeli tu. Mama akaisogeza simu mpaka ikakaribia pua. Nami moyoni nikasema haya, sasa atasema tena amekua.

"Huyu wa mbele ni wewe," akamwambia kaka. "Bega la kushoto umelishusha, tangu utoto nakukemea. Huyu mkeo, kajifunga kanga kiunoni kama anakwenda kupigana. Na huyu mwanao." Akaisogeza zaidi. "Kawa mrefu hivi lini? Kampita mama yake!"

Wifi yangu alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mama, unatuona?" kaka akauliza.

"Kwa nini nisiwaone? Hizi ndizo picha. Zile zenu nyingine zote mnaniletea ukungu tu."

Halafu akasikia mwenyewe alichokisema. Akaishusha simu mapajani, akageuzia uso ukutani. Sote tulisubiri aanze kufoka. Hakufoka.

"Jua bado lipo?" akaniuliza baadaye.

"Lipo kidogo, mama."

"Basi nipige na mimi, upesi."

Nikamsimamisha ukingoni mwa uwanja, pasipo na miti. Alijitengeneza mtandio, akavua kandambili, akasimama wima. Nilipompa simu aliiangalia muda mrefu, anaisogeza, anairudisha.

"Mgongo haujapinda," akasema.

"Haujapinda hata kidogo."

"Nilidhani nimeshapinda. Kioo sikitazami siku hizi." Akapapasa kioo cha simu kwa kidole gumba, juu ya kichwa chake mwenyewe. "Na uso wangu uko wapi?"

"Picha hizi hazichukui uso, mama."

"Na zile zinazochukua, mimi sizioni."

Kaka alianza kupanga mihogo ambayo ilikuwa imeshapangika.

"Hao madaktari wa macho," mama akasema, "si mlisema wako huko huko kwako Kibaha?"

"Wako huko, mama."

Akanirudishia simu. "Basi kesho tunaondoka wote. Na hii usiifute. Nikitoka huko unipige nyingine hapa hapa, ila safari hiyo mimi ndiye nitakayelitazama jua."