Baba Yangu na Mpelelezi wa Gazetini

Kama Lushoto kuna mjinga kunizidi, basi anajificha vizuri. Kwa miaka mingi nimewachosha watu nikidai kwamba yule mpelelezi wa katuni za gazeti la zamani, mwenye koti refu, alichorwa kwa sura ya marehemu baba yangu. Ushahidi wangu? Picha moja ya baba amevaa koti kama lile. Watu walinyamaza kwa adabu, nami nikadhani wameamini.

Jumapili ya mavuno nikapeleka katuni moja kanisani, nimeitia fremu, inadiwe mnadani pamoja na maboga na kuku. Tena kwa kiherehere changu nikamwalika mchoraji mwenyewe, mzee wa Mlalo, aje anithibitishie mbele za watu.

Tulipokutana naye kwenye uwanja wa kanisa nikavua kofia yangu ya sufu, watu waone ninavyofanana na mpelelezi.

"Shikamoo mzee. Hebu waambie, mpelelezi ulimtoa wapi?"

"Marahaba. Yule nilimtunga tu kichwani. Koti ndilo nililoliazima kwa baba yako."

"Na sura?"

"Sura ya baba yako nayo niliitumia," akasema kwa upole, akainamia katuni. "Huyu hapa."

Kidole chake kilikuwa kimemgusa mwizi wa kuku anayefukuzwa na mpelelezi, mwenye masikio yaliyotanuka kama majani ya kabichi.

Uwanja mzima ukatazama katuni, kisha ukanitazama mimi. Mama yangu, aliyekaa mbele kabisa, hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "vaa kofia."