Mate ya Dada, Macho ya Wageni

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na wivu wake ungekuwa kitambaa, ungetosha kufunika viti vya ukumbi mzima. Karakana yake ni chumba kimoja kilichojaa sponji hadi dirishani. Humo hushinda amebana misumari midogo midomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye mbao, huku akinung'unika kuhusu dada yangu.

Dada huongoza wageni kisiwani kwa boti: kwanza kutazama ndege na kasa, kisha kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia. Mimi nashika ngazi ya boti hiyohiyo. Diploma yangu ya utalii iliishia njiani, nami nikaishia ngazini.

Juzi shemeji alifunga karakana akapanda boti. "Nikiona kitu nisichokipenda," alimwambia dada, "kazi hii basi."

Tulipofika, wageni wote walielekeza darubini kwenye mwamba uliojaa ndege. Ya kwake ikaelekea kwa mkewe.

"Shemeji, ndege wako kule."

"Nawaona."

"Huyo unayemwona hana mabawa."

"Nyamaza wewe, nusu diploma."

Kasa aliibuka ubavuni mwa boti, akavuta pumzi, wageni wakashangilia. Shemeji hata hakugeuka. Alikuwa amemkazia macho kijana mmoja mgeni, kifua kama mlango, aliyempa dada miwani yake. Dada akaitemea mate, akayasugua kwa kidole, akaisuuza, akamvalisha.

Shemeji alisimama, boti ikayumba. "Umempaka mwanaume mate yako machoni! Mbele yangu!"

"Bila mate kioo kinashika ukungu, baba watoto."

"Yeye hana ya kwake?"

"Mdomo umemkauka kwa woga. Mwangalie."

"Basi kesho unabaki nyumbani!"

Wageni walitabasamu, wakidhani tunaelezwa habari za kasa. Mmoja akampiga shemeji picha.

Dada alifunga sanduku la miwani taratibu. "Sawa, nitabaki. Na wewe ubaki. Ile misumari unayoilowanisha mdomoni unaipigilia wapi? Yule mama wa saluni uliyemtengenezea kochi anajilaza juu ya mate yako kila jioni. Umewahi kuniona nikienda kumwinua?"

Nilicheka nusura niachie ngazi.

Kwa hasira shemeji, midomo ameibana kama bado ina misumari, akavaa jaketi la kuelea, akachukua miwani kavu, akajitosa. Punde kichwa kikaibuka. "Sioni kitu! Ukungu mtupu!"

Dada alikuwa keshaingia majini karibu naye, amemshika yule kijana mkono. "Tema."

"Mdomo umenikauka."

Dada akamgeukia kijana, akamnyooshea mrija.

"Basi nitemee wewe."

"Na kesho?"

Shemeji aliutazama ule mkono. "Kesho nenda. Lakini huyo hana jaketi lake la kushika?"

Dada akatema, akasugua, akasuuza, akamvalisha mumewe polepole kuliko alivyomvalisha mgeni. Hilo hata mimi nililiona.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza shemeji alichokiona chini.

"Kasa watatu," akasema, amekunja uso. "Jike likafuata dume jingine, na dume lake lipo palepale, linakula majani." Akatikisa kichwa. "Linakula tu, shemeji! Halijali!"